Homa ya Manjano kwa Herufi za Dhahabu

Jumatano, 6 Novemba

Maboksi yametoka mashineni saa nne asubuhi. Mia mbili sitini na nane. Mke wangu Su-chin alitaka mia mbili sitini na nne, eti yanatosha. Nne! Kwenye harusi! Kwetu hutamkwa karibu sawa na kifo, namba inayonuka kaburi. Nikaongeza manne kwa amani ya kila mtu.

Miaka thelathini na moja nimechapa maboksi ya keki za harusi za mabinti wa watu. Nilianza na mkasi na gundi kwenye banda la kuku la marehemu baba. Leo hakuna duka la keki hapa Fengyuan lisilojua kiwanda cha Lai. Na sasa ni zamu ya binti yangu mwenyewe, Pei-shan. Anaolewa tarehe 16 na Fergus, Mskoti, mwalimu, mtu mpole, miguu mirefu mno kwa skuta yoyote.

Boksi lenyewe: jekundu. Majina yao chini. Juu, kwa Kiingereza, herufi za dhahabu zilizoinuka ukizigusa: HOMA YA MANJANO.

Maneno hayo ni ugunduzi wangu. Sikukuu ya mwezi mpevu tulichoma nyama nje ya kiwanda kama kila mwaka. Rafiki mmoja wa Fergus akamnyooshea chupa na kusema, huyu jamaa ana homa ya manjano. Wazungu wote wakacheka. Fergus akawa mwekundu kama kaa la moto. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa ndivyo wanavyomwita Mzungu anayependa wanawake wa kwetu, sisi tunaoitwa watu wa manjano. Nikaelewa papo hapo. Mtu anaugua kwa mapenzi, hali, halali, na dawa yake ni binti yetu. Sifa gani inazidi hiyo? Na ndugu zake Fergus watalisoma bila mkalimani.

Su-chin aliuliza kama nimemwuliza Pei-shan. Nikamjibu kwamba zawadi ya ghafla haiombewi ruhusa.

Kufikia jioni nimeshasambaza themanini na sita kwa jamaa, keki zikiwa ndani, maana kwetu keki hutangulia harusi. Shangazi wakubwa kwanza, kama inavyotakiwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Pei-shan na Fergus wamefika na treni ya mchana kutoka Taipei. Nikampa binti boksi kwa mikono miwili.

Pei-shan alisoma. Akafunika tena taratibu, kama mtu aliyefungua sufuria ya chakula kilichochacha. Akauliza nani mwingine ameliona. Nikasema kwa fahari, nyumba themanini na sita.

Akakaa chini.

Kisha akasema hilo ni neno la kibaguzi. Nikamwambia ubaguzi ni kuchukiwa, na hapa tunapendwa, sasa kosa liko wapi? Akasema ndilo neno analoambiwa na wanaume asiowajua huko Taipei, wakimsogelea huku wanatabasamu. Na ndilo Fergus anaambiwa na marafiki zake ili yeye Pei-shan aonekane ni ugonjwa uliompata mtu, ambao angeupata kwa mwanamke yeyote mwenye sura kama yake. Nikasema anachimba mno. Neno ni neno. Akasema sawa.

Halafu akatoa sharti, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo ndiyo sauti ya kuogopa, kwa sababu ni yangu. Ikifika Ijumaa ijayo na boksi hata moja lenye herufi hizo liko duniani, hataingia ukumbini na mimi. Ataingia na mjomba Po-han.

Po-han! Mdogo wake Su-chin! Mgane wa miaka hamsini na nane aliyefilisi migahawa mitatu, mmoja wao ukiwa mbele ya stesheni! Huyo ndiye amshike mwanangu mkono mbele ya watu mia mbili sitini na moja?

Fergus alikuwa anakula chungwa. Akamenya la pili. Mgonjwa gani huyu asiyejitetea?

Jumamosi, 9 Novemba

Sibishani na hisia. Nabishana kwa takwimu.

Tangu saa moja asubuhi nimepita kichochoro chote na boksi mkononi. Swali moja tu: je, haya maneno ni ubaguzi wa rangi? Watu thelathini na mmoja. Majibu: ishirini na saba, hapana. Watatu waliuliza kama kuna keki ndani. Mmoja, mwuza magazeti, alisema kwake rangi yoyote sawa mradi si kijani, ila nadhani alikuwa anazungumzia vyama vya uchaguzi. Asilimia themanini na saba ziko upande wangu.

Nikamwekea Pei-shan karatasi mezani. Akauliza wanawake walikuwa wangapi. Sita. Akauliza kati ya hao sita, wangapi wamewahi kuambiwa neno hilo na mwanamume asiyemjua. Nikasema swali hilo halikuwemo kwenye utafiti. Akasema ndilo hilo sasa.

Hana shukrani kabisa kwa hesabu, na mimi ndiye niliyemlipia chuo cha hesabu.

Nikamfuata Fergus kwenye banda la karatasi, mwanamume kwa mwanamume. Nikamwomba amwambie mkewe mtarajiwa kwamba haoni tusi. Akasema kwa lugha yetu, na lafudhi yake ile ya kuparamia maneno:

"Baba, miaka minne wananiambia hivyo. Kila akiniambia mtu, anasema sikumchagua Pei-shan. Niliambukizwa tu."

Nikamwambia asijali, atapona. Hakucheka. Waskoti wana mzaha wao, hawaujui wa watu.

Jumapili, 10 Novemba

Binadamu wamenishinda. Nikaenda hekaluni.

Nikachukua vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia miungu, nikajitaja jina na mtaa, nikamwuliza mungu waziwazi: maneno ya kwenye boksi hayana ubaya, sivyo? Nikarusha. Kipande kimoja kikilala na kingine kikipinduka, amekubali. Na ili jibu lihesabike anatakiwa akubali mara tatu mfululizo. Nafasi moja katika nane. Nimefanya biashara kwa nafasi mbaya kuliko hiyo.

Mrusho wa kwanza: vyote viwili vimelala chali. Maana yake mungu anacheka. Wa pili: anacheka. Wa tatu: anacheka. Kucheka mara tatu mfululizo ni nafasi moja katika sitini na nne! Nimemtolea ubani tangu mwaka tuliohama banda la kuku, na hivi ndivyo ananifanyia.

Nikahamia kwa mungu wa mali, ukumbi wa pembeni. Yeye alikubali mara moja, nikapata moyo, kisha akakataa mara mbili. Nikasema labda swali ni refu. Nikalifupisha. Akacheka na yeye.

Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Chuang Tien-ting. Ana kiwanda cha stika ng'ambo ya kichochoro, na tangu 1998 anaamini kwamba kiti changu kwenye kamati ya hekalu ni chake. Akaniuliza kwa upole mwingi kama nina shida nyumbani. Nikasema naulizia hali ya hewa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeanza kuyakusanya maboksi. Si kwamba nimekubali! Ni Po-han. Jana jioni alipita nyumbani kumwonyesha dada yake suti mpya.

Kukusanya ni balaa. Shangazi wa kwanza keshaweka vifungo ndani yake. Wa pili amelipeleka kwa mjukuu Kaohsiung. Wa tatu aliuliza kama harusi imevunjika, na kabla sijafika kona alikuwa ameshawapigia simu wanne. Mpaka saa tatu nilikuwa na kumi na moja tu.

Nikasimama kwa mwuza maziwa ya soya nipumzike. Chuang yupo, ameketi na wazee watano, keki ya figili mbele yake. Na boksi langu mezani! Mkewe amelipata kwa dada yake. Akaligonga kwa kidole na kusema, mbele ya wote:

"Kumbe binti yako ni mmoja wa wale wa mlo wa Kizungu, Bwana Lai. Wali wa nyumbani haumshibishi."

Wazee wakacheka puani.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua maziwa yangu yaliishia kwenye viatu vyake. Nikamwambia mwanangu amesoma, ana kazi, amempenda mtu mmoja kwa jina lake, si bara zima, na atoe neno hilo mdomoni kabla sijalitoa mimi. Chuang alipanguza viatu. Akasema mbona nawaka, neno ni neno tu, tena ni sifa, maana yake msichana ana ladha ya juu.

Jibu lake nililifahamu vizuri sana. Sikupenda kulifahamu.

Nikafika nyumbani, habari imenitangulia. Pei-shan yuko mlangoni. Hakugomba. Aliuliza kama neno la Chuang limeniuma. Nikasema limeniuma mpaka tumbo. Akauliza kwa nini, wakati yeye amelizoea tangu chuoni. Tangu chuoni! Miaka tisa! Nikauliza mbona hakuniambia. Akasema, ungeenda kuuliza watu thelathini na mmoja.

Kisha akaniomba hesabu. Wanawake wa bara hili, wa umri wake, ni wangapi? Nikakadiria kwa haraka: milioni mia tatu hivi.

"Basi ndivyo boksi lako linavyosema, Baba. Kwamba mimi ni mmojawapo."

Nilikaa na hesabu hiyo mpaka chai ikapoa. Sikupata kosa ndani yake. Mimi mwenyewe nilimnyoa nywele akiwa wa siku ishirini na nne, kama ilivyo desturi, na nimeandika juu yake kitu ambacho kingemfaa mtu yeyote.

Nimemwambia yatarudi yote.

Alhamisi, 14 Novemba

Yamerudi themanini na tano. La Kaohsiung limechomwa moto mbele ya kamera ya simu, mjukuu akilia. Jumla imetimia.

Lakini hakuna muda wa kuchapa mengine. Zinatakiwa stika za kufunika, kubwa, nzito, dhahabu isipenye. Na stika za namna hiyo hapa Fengyuan anazo mtu mmoja tu.

Nimevuka kichochoro. Nimesimama mbele ya mashine ya Chuang na kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye hoja tano. Hakuiulizia. Alisema binti yake mwenyewe, yule wa Taichung, alitoka na Mfaransa miaka miwili, na mtaa ukamsema mpaka akaacha kuja nyumbani sikukuu. Halafu akauliza nataka ukubwa gani.

Amechapa mia mbili themanini, nyekundu, ile alama ya harusi ya furaha maradufu katikati. Nimemwambia nilihitaji mia mbili sitini na saba. Akasema najua kuhesabu, Lai, nyingine ni za pale utakapobandika upande.

Tumebandika mimi, Su-chin, Pei-shan na Fergus hadi saa kumi na mbili jioni. Zilizokwenda upande: kumi na mbili. Kumi ni zangu.

Pei-shan ameishika ya mwisho kwenye mwanga, akaikagua pembe zote nne. Akasema suti yangu ya kijivu inafaa zaidi kuliko ya bluu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeingia naye mimi.

Hatua arobaini na mbili kutoka mlangoni hadi kwa Fergus. Mkono wake ulikuwa baridi, wangu ulikuwa na jasho, na hatukuangaliana kwa sababu tungeharibu. Nilimteremshia shela. Nikamkabidhi. Hotuba yangu ilikuwa sentensi tatu, zote zimepitishwa na Pei-shan kwa maandishi. Watu walipiga makofi. Chuang, meza ya nane, alisimama.

Sasa nimeelewa kila kitu. Maneno yanaweza kuumiza. Mtu asemwe kama mtu. Mtu akitaka darasa kuhusu jambo hili, aje kwangu.

Basi nikakaa kula, karibu na mama yake Fergus, Bi Isobel. Mjane, mnyoofu, amekula samaki mpaka jicho. Po-han, ambaye nilimkuta amevaa suti yake mpya hata hivyo, alikuwa ameniuliza mara mbili kama yule mama yuko peke yake. Mimi si mtu wa kinyongo. Jamaa amekosa kumwingiza bibi harusi, anastahili fidia.

Nikaiambia simu itafsiri. Nikasema, Bi Isobel, shemeji yangu yule pale amewapenda wanawake wa Kizungu tangu ujana wake. Hachagui. Yeyote atamfaa.

Simu ilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia.

Bi Isobel aliweka vijiti chini. Akaiuliza simu: yeyote? Nikamhakikishia, yeyote kabisa, asiwe na wasiwasi. Ng'ambo ya meza Pei-shan alifumba macho. Su-chin alinipiga teke mara tatu, la pili likampata Fergus. Bi Isobel akageuza kiti na kuzungumza na supu yake mpaka matunda yalipoletwa.

Nimeshindwa kabisa kuelewa. Nimempongeza mwanamke, nimemsifu na mwanamume, nimetumia lugha safi, hakuna homa, hakuna manjano. Watu wengine hawasifiki.

Leo asubuhi Po-han amenipigia akilalamika eti nimemharibia. Nimemwambia atulie na atumie akili. Wazungu wa kike waliokuja na Fergus ni watatu: mama na shangazi zake wawili, na ndege yao ni Jumatano.

Bado wawili.