Nota Nane kwa Vidole Vitatu

Jumanne, 1 Julai 1986. Nyasura, Bunda.

Habari kubwa. Nitapiga gitaa kanisani tarehe 13! Karibu nitapiga. Gitaa la kwaya ni moja na tuko wawili. Apolinary ndiye mpigaji wa siku zote, mimi nimejifunza tangu msiba. Lakini tarehe 13 ni misa ya mwaka mmoja ya mke wangu Imakulata, kwa hiyo haki iko upande wangu. Sista Getruda, anayetufundisha, amesema haki haipigi gitaa, vidole ndivyo vinavyopiga. Jumamosi tarehe 12 atatushindanisha.

Wimbo ni ule wa shukrani alioupenda Ima. Katikati sauti zinanyamaza na gitaa linapanda ngazi peke yake, nota nane, do hadi do, kisha linashuka. Kwenye mazoezi, hapo ndipo Ima alikuwa akifika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu alipoanguka kwenye kichuguu utotoni, basi njia nzima alikuwa mtu wa mwisho. Alikuwa akisema gitaa linamfungulia mlango.

Sista amempa kila mmoja karatasi. Nilichelewa kwa sababu ya foleni ya pamba, sikusikia maelezo. Nimedaka la mwisho tu: vidole vya mkono wa kulia chagueni wenyewe, ila kidole kimoja kisigonge mara mbili mfululizo. Juu ya karatasi ameandika kwa wino mwekundu: p i m a.

Pima! Mimi ni karani wa mizani ya pamba, mwaka wa kumi na nne. Hatimaye muziki umeingia kwenye kazi ninayoijua. Leo gitaa lilikuwa zamu yangu, nimelipeleka kituoni nikalitundika kwenye mizani. Kilo moja na robo tatu. Pamoja na kiroba chake, mbili kasoro kidogo. Nyuzi nimezipima kwa futi. Zote sita urefu sawa, jambo la ajabu. Mkulima mmoja ameuliza kama hilo ni daraja la kwanza au fifi, ile pamba chafu.

Apolinary hajapima chochote. Namhurumia.

Ijumaa, 4 Julai.

Nimempelekea Sista ripoti ya vipimo. Ameisoma pande zote mbili. Kisha ameingia jikoni, nikamsikia anakohoa muda mrefu. Ametoka macho yana maji. Amesema, Baba Felisian, hizo ni herufi za vidole. P ni gumba. I ni shahada. M ni cha kati. A ni cha pete. Ndivyo wanavyoandika Wahispania. Nimemwambia Wahispania wangetuuliza kwanza.

Njiani nimezijaribu. Gumba na shahada: pipi. Ndivyo anavyopiga Apolinary, aliokota kwa wapiga dansi wa Musoma. Cha kati na shahada: mimi. Sista anaipendekeza hiyo, anasema vidole viwili vinapokezana kama miguu ya mtu mwenye safari. Cha kati na cha pete: mama. Kisha nikajaribu shahada, kati, pete.

Ima.

Nimekaa juu ya gunia la mtu. Miaka kumi na tisa nimeita jina hilo, kumbe lilikuwa mkononi mwangu, tena kwa mpangilio. Kidole cha pete cha mkono wa kulia hakijawahi kuvaa pete, lakini jina kinalo. Basi, nimechagua. Mtu hawezi kumwombea mkewe kwa kupiga mimi, mimi, mimi.

Jumapili, 6 Julai.

Mazoezi. Ima, ima, im. Vidole vitatu, nota nane. Kila nikibadili uzi, cha pete kinaburuta. Sista amesema kwa upole, wewe karani, nane ukigawa kwa tatu hujui zinabaki? Nimesema najua, zinabaki mbili. Amesema hizo mbili ndizo anazozisikia.

Apolinary amesema mbele ya sauti ya kwanza yote kwamba ngazi yangu ni ng'ombe aliyekanyaga mwiba. Wamecheka. Boke wa sauti ya pili amecheka hadi akaketi. Nami nimecheka, kwa adabu.

Nina mpango. Nguvu za Apolinary ziko kwenye ukucha wa gumba, mrefu kama kijiko cha chai. Ukucha ukiondoka, pipi imekwisha. Nitamwalika shambani kwangu kule Guta anisaidie kuchuma pamba yangu ya mwisho. Maganda makavu ya pamba ni visu. Naona aibu kidogo. Nitampikia sato.

Jumatano, 9 Julai.

Apolinary amekuja, ameshukuru sana kwa kukumbukwa. Amechuma kutwa nzima kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameufunga kitambaa akautia mfukoni, akasema mpiga gitaa hulindaga zana yake. Ili kumtia moyo achangamke, nimechuma kwa mikono yote miwili, haraka haraka. Nimevunja kucha tatu. Shahada, kati, pete. Ima yote.

Amenipa pole. Amekula sato wawili. Ametazama vidole vyangu akasema, marehemu alikuwaga anakukata kucha mwenyewe, au siyo? Ni kweli. Kila Jumamosi, mkono wa kulia, maana wa kushoto wangu hauna akili ya kushika wembe. Mwaka ule nyembe zilipopotea madukani, mmoja aliutunza miezi saba ndani ya kibiriti kitupu. Kisha ameomba supu.

Alhamisi, 10 Julai.

Musoma! Siku hizi maduka yamefufuka. Sabuni za rangi tatu, dawa ya meno, mitumba inaninginia hadi barabarani. Mpango mpya, bora kuliko yote. Nimenunua mpira wa tenisi ya meza na solusheni ya kuzibia tyubu za baiskeli. Nimekata kucha tatu kutoka kwenye mpira. Nyeupe, ngumu, nzuri kuliko za kuzaliwa nazo, Mungu anisamehe. Mpira ulikuwa na kucha ishirini kwa makadirio, kwa hiyo zimebaki kumi na saba. Akiba ya maisha.

Jumamosi, 12 Julai.

Apolinary ametangulia. Pipi, pipi, pipi, pipi. Imetoka kama mchele uliopepetwa. Nikafuata mimi. Nota ya tatu, ukucha wa pete umeruka ukaingia kwenye nywele za Boke. Nota ya tano, umefuata wa kati. Nimeshuka kwa nyama tupu. Mbili, buruta. Mbili, buruta. Sista amesema gitaa ni la Apolinary. Haki yake.

Shemeji Wanzagi, kaka yake Ima, alikuwa benchi la nyuma. Amefika leo kutoka Butiama kwa ajili ya misa. Ameomba nirudie. Nilidhani ananicheka. Nikarudia. Amesema, shemeji, huyo ni dada yangu anakuja.

Apolinary ametazama kofia yake. Amesema ni kweli, hatua hizo alikuwa akizisikia nje kila mazoezi, na alikuwa akipunguza mwendo wa wimbo ili zifike. Miaka yote hiyo, sikujua. Kisha amemwambia Sista kwamba wimbo ataupiga yeye, ila kwenye ngazi nipige mimi, na nisithubutu kuinyoosha. Sista amekubali. Gitaa litahama mapaja katikati ya wimbo.

Jumapili, 13 Julai.

Asubuhi nimewaza. Kwaya nzima imeshanisikia nachechemea. Leo wajue naweza kukimbia pia, hasa Apolinary. Nimeamua kwa siri kupiga mimi. Vidole viwili, safi.

Wakati umefika. Apolinary amenikabidhi gitaa kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nimeanza. Mimi, mi... na kidole cha pete kikaingia chenyewe, bila kuitwa. Mbili, buruta. Mbili, buruta. Watu wa nyuma wamegeuka kutazama mlango. Wanzagi amesogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nimeshuka ngazi polepole, asije akajikwaa.

Baadaye Apolinary ameniuliza nimewezaje kupiga vile. Nimemwambia nilipanga tangu mwanzo.

Jumanne, 15 Julai.

Sista ametangaza wimbo wa Krismasi. Ngazi mbili, nota kumi na sita. Mpigaji mmoja tu safari hii, tutashindana. Nimepiga hesabu: kumi na sita kwa tatu, inabaki moja. Moja si mbili! Nimelirudisha gitaa kwenye mizani, kwa uhakika. Kilo moja na robo tatu ile ile.

Nimemwalika Apolinary Jumamosi tumenye karanga. Karanga hazimenyeki kwa mkono mmoja. Na ili nisivunje kucha zangu tena, zilizobaki nimezikata zote mapema, kwa wembe wa Ima. Ulikuwa bado kwenye kibiriti chake. Mkono wa kulia umetoka vibaya, cha kati kinatoka damu. Haidhuru. Krismasi iko mbali, na mpira bado una kucha kumi na saba.