Ombi la Kuruhusiwa Kutupa Taka Gihundwe

Gihundwe, Rusizi

Kwa Mzee Vénuste, msimamizi wa umuganda, kazi ya pamoja ya usafi, mtaani kwetu,

Mzee wangu, amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Ninakuandikia kwa heshima yote, ingawa moyo wangu umechafuka, na ndicho kitu pekee kilichochafuka mtaa huu.

Binti yangu Gaju amemaliza sekondari. Badala ya sheria niliyomchagulia, anataka kusomea uhandisi wa mazingira chuoni, apate kazi ya kupunguza taka na kuzigeuza vitu vya maana. Nimekubali kwa shida. Sasa wewe, Mzee, unamharibia kazi kabla hajaianza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi ya umuganda ulitutoa sote na mafagio. Gaju alipofika na gunia lake la kufanyia mazoezi ya kukusanya taka, alipata chupa moja tu. Ilikuwa yangu, na sikuwa nimemaliza kunywa.

2. Sasheti, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku zamani. Mama Gaju akitoka sokoni Bukavu, ng'ambo ya ziwa, hufunga nyanya zake kwenye kitenge. Mtoto akisomea udaktari huwakuta wagonjwa wapo, akisomea uhakimu huwakuta wezi wapo. Wangu atakuta barabara imefagiliwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Nilipomuuliza atafanya kazi wapi, alinijibu, "Papa, kama takataka haiko hapa, nitaenda kutumika kwenye iko." Ndiye mtoto wa mwisho aliyebaki nyumbani, Mzee. Akienda, mimi na mama yake tutabaki tukitazamana.

Kwa hiyo ninaomba usafi usimame mpaka Gaju ahitimu. Kila nyumba iruhusiwe kutupa kitu kimoja njiani kila jioni. Nitaanza mimi, wengine wasione haya. Ikishindikana, shemeji yangu Muderhwa wa Bukavu yuko tayari kutujazia mtumbwi mzima wa taka, na hatadai hata asante.

Nisalimie mkeo Maman Umutoni, wanakwaya wote, na wale wa mafagio pia, maana sina ugomvi nao.

Jirani yako mwenye uchungu,
Rutayisire

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nimekuta maganda ya ndizi yamemwagwa langoni kwangu. Nimepiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Mkosaji amepatikana: ni Gaju, ameyaomba sokoni Kamembe apate ya kujifunzia. Njoo na mafagio leo hii, Mzee. Nimemruhusu aende chuo anachotaka, hata kiwe mbali, mradi aondoke na maganda yake.