Malalamiko Dhidi ya Kukubaliwa Kwangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Udahili,

Kwa heshima na huzuni, napinga barua yenu ya juzi inayosema nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu huku nikiendelea na kazi, yaani jioni na Jumamosi.

Mimi ni karani wa barua katika idara ya maji. Napokea malalamiko ya wananchi, nayagonga muhuri, nayapanga. Pendekezo langu la utafiti linauliza kwa nini mtu aliyekaa wiki tatu bila maji bado huanza barua yake kwa kututakia afya njema. Niliandaa pendekezo hilo miaka minne. Ninyi mmelikubali kwa siku kumi na moja. Huo si uungwana.

Hasara nilizopata ni hizi:

1. Nimepoteza kinga. Kwa miaka minne nyumbani nimekuwa mtu anayejiandaa. Wageni wakija, Mama huwanong'oneza kama anayezungumzia mgonjwa, "Msipige kelele, mwenzenu anajiandaa." Sijaosha sufuria kubwa tangu nilipofungua kitabu cha mbinu za utafiti. Hata Shangazi, ambaye haogopi mtu, alianza siku moja kuniuliza nitaolewa lini, akakiona kitabu mapajani mwangu, akameza maneno. Sasa barua yenu imetaja mwaka wa kumaliza. Shangazi ameuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni.

2. Mkuu wangu wa kazi alisaini barua ya ruhusa akiamini kabisa kwamba hamtanichukua. Alisaini akicheka, akasema, "Jaribu tu, mdogo wangu, kujaribu hakuna ushuru." Tangu jana mimi si mdogo wake tena. Ananiita Msomi, na kila faili linalopotea huanza kutafutwa mezani kwangu.

3. Nina makala mia mbili na kumi na mbili, zimepangwa kwa rangi. Za njano nitazisoma karibuni. Nyekundu nitazisoma nikiwa tayari. Za kijani nimeshazisoma. Za kijani ni saba. Mpango huu ulikuwa mzuri mno hadi mlipouingilia.

4. Siku ya usaili niliwapa kila sababu ya kunikataa. Mlipouliza kwa nini nautaka utafiti huu, nilisema sijui, ila siwezi kuacha kuzisoma barua za watu hata baada ya kuzigonga muhuri. Yule mama mwenye miwani akaandika kitu. Nikajua yamekwisha. Nilitoka mwepesi kama niliyetua mzigo, nikalala mchana mzima. Kumbe alikuwa ananipa alama!

5. Hili ndilo zito, ndiyo maana nimelichelewesha. Ambaye hajaomba anaweza kuwa hodari kuliko wote, maana nani atabisha? Aliyekataliwa atawalaumu ninyi, na jamaa zake watamsaidia kwa moyo mmoja. Kwetu kulaumu tunakujua. Lakini aliyekubaliwa halafu akashindwa, atamlaumu nani? Mmeniacha na mtu mmoja tu, mimi, na mtu huyo namfahamu. Huacha mambo njiani.

Kwa hiyo naomba mnikatae kwa maandishi, kwa lugha kali kiasi, ili nyumbani waniamini. Kama kanuni haziruhusu, niwekeni mkiani mwa orodha ya wanaosubiri na mnisahau huko. Kama orodha hiyo haipo, ianzisheni.

Kuhusu nafasi yangu, mpeni Mama. Alilisoma pendekezo langu akisubiri nguo zikauke, na kabla ya kuzianua alikuwa ameshauliza swali ambalo nimelikwepa miaka yote minne: je, wanaojibiwa huandika tena? Mtu wa namna hiyo hahitaji kujiandaa. Tatizo lake ni moja tu: mkimchukua, sufuria kubwa itarudi kwangu.

Nisalimieni wanakamati wote, hasa yule mama mwenye miwani, ambaye bado sijamsamehe. Na mlinzi wenu, aliyenionyesha choo mara tatu siku ya usaili bila kunicheka. Pamoja na wote mlio nao nyumbani.

Wenu katika utii na manung'uniko,

Mwombaji mliyemkubali

Tanbihi: Fomu ya kukubali nafasi imo katika bahasha hii. Nimesaini kila palipotakiwa, na mahali pawili pasipotakiwa. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa saa tisa alasiri, kwa hiyo nawasihi muishughulikie kwanza. Barua mtaisoma mkipata nafasi. Chini ya fomu kuna rasimu ya sura ya kwanza, kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa ishirini bado unanisumbua. Naomba usisomwe na mtu hadi nije Jumamosi.