Mkubwa Wetu Tauhu

Habari ililetwa na Uan, na kama kawaida yake ilifika kabla pikipiki haijasimama. Kwa lugha ya hapa, Uan maana yake bonge. Alipewa jina hilo utotoni alipokuwa na mashavu, na sasa ni mwembamba kama mti wa fagio, kizibao chake cha rangi ya chungwa cha waendesha pikipiki kinaning'inia kana kwamba kimetundikwa msumarini. Alizima injini mbele ya kibanda cha kahawa cha Shangazi Lamiat, pale nje ya geti la kitivo cha uhandisi, akavua helmeti taratibu ili watu wamsubiri.

"Mwaka wa kwanza wamemwamkia mbwa," akasema.

Shangazi Lamiat hakugeuka. Alikuwa anachuja kahawa kwa ule mfuko wake wa kitambaa, anauinua na kuushusha ndani ya kopo refu la bati, na kazi hiyo haitaki papara. Ukiikimbiza, mtu anakunywa unga. Alimaliza, akamimina juu ya maziwa mazito yaliyokwisha kutulia chini ya glasi, akautazama weusi ukikaa juu ya weupe bila kuchanganyika, akaridhika. Ndipo akauliza, "Mbwa gani?"

"Tauhu."

Wote wakainama kuchungulia chini ya benchi. Tauhu alikuwa amelala pale, rangi yake kama maziwa ya soya yaliyoganda, sikio moja limesimama na la pili limekwisha kata tamaa. Alifungua jicho, akaona hakuna ngozi ya kuku, akalifunga.

Benchini walikuwa wawili. Mmoja ni mlinzi wa geti, wanamwita Sajini ingawa jeshi alilipitia kwa basi tu, akielekea kwa wakwe. Wa pili ni Chet, wanayemwita Profesa, kijana mwenye ndevu za kwanza za uzee, ambaye wenzake wote walioanza naye uhandisi wamekwisha jenga madaraja na mengine yamekwisha kupata nyufa, yeye bado yuko kwenye somo la mwendo wa maji.

Uan akakaa katikati yao, akavuta glasi ya Profesa, akanywa, akaeleza. Asubuhi wapiga kelele waliwapanga mwaka wa kwanza jua kali nje ya bwalo. Wapiga kelele ni wale wa mwaka wa tatu wanaovaa fulana nyeusi wiki za mwanzo wa muhula na kuwafokea wageni ili waingiwe na adabu. Mkuu wao, Krit, akatoa amri: kuanzia leo, kila aliyeingia kitivo hiki kabla yenu ni mkubwa wenu, mkimwona mnasimama, mnaunganisha viganja, mnainamisha kichwa. Binti mmoja akanyoosha mkono. Kila aliyeingia? Krit akasema kila, na asiulizwe tena. Basi Tauhu akatokea bwaloni analamba midomo. Yule binti akasimama wima, akaunganisha viganja mpaka vidole vikagusa pua, akainama. Na kwa vile mwaka wa kwanza wamefundishwa wafuate aliye mbele, mstari mzima ukainama.

"Na Tauhu je?" Sajini akauliza.

"Alikaa akajikuna. Kama mkubwa yeyote."

Profesa alicheka mpaka akaomba glasi yake irudishwe. Lakini Shangazi Lamiat aliuliza jina la binti, na Uan alipolitaja, mkono wa Shangazi ukasimama juu ya kopo la sukari. Alimjua. Ni Tangmo, yule mtoto wa wauza matikiti ambao hata binti yao wamempa jina la tikiti. Hupita kila asubuhi kununua chai ya barafu, na huacha maswali zaidi ya anavyochukua chai. Kwa nini lifti ya jengo la pili haisimami ghorofa ya tatu, na wote wanaopanda ya tatu wanaiingia hivyo hivyo? Kwa nini watu wanauzunguka uwanja wa nyasi usio na kibao cha kukataza? Soda nyekundu wanazowekewa mizimu kwenye kijumba chao karibu na geti, wakati wa mitihani, ni nani anayezimaliza? Siku alipouliza hilo, Sajini alipata kazi ya ghafla upande wa pili wa barabara. Na jingine aliliuliza kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa: kwa nini Kaka Krit anakaa nao darasa la hesabu la Jumanne, nyuma kabisa, kofia imefunika macho? Hilo Shangazi alimwambia anywe chai yake.

"Wamemfanya nini?" akauliza sasa.

Bado, Uan akasema, ila jioni hii, ukipigwa wimbo wa taifa wa kila siku, Krit anamvua kibao cha jina.

Kila mtu pale anajua kibao kile ni nini. Ni kipande cha karatasi ngumu kwenye uzi, kimeandikwa jina kwa kalamu ya rangi, thamani yake haifiki glasi ya kahawa. Lakini mwenye nacho ana kaka na dada wa kumpa maswali ya mitihani ya zamani, kumwonyesha mwalimu wa kumkwepa, kumletea uji akiwa na homa. Asiye nacho anasoma miaka minne kama mtu aliyekosea jengo.

"Si aombe radhi tu," akasema Sajini. "Mbwa ni mbwa bwana."

"Amekosa nini?" Profesa akamrukia. "Sheria imesema aliyeingia kabla. Tauhu aliingia kabla. Mimi niko naye kwenye mwendo wa maji toka mara ya kwanza. Yeye analala, mimi nalala."

"Na matokeo?"

"Mimi nimeanguka. Yeye hajawahi kuanguka hata mara moja."

"Hajafanya mtihani, we nawe."

"Ndiyo akili hiyo, Sajini. Wewe unadhani nani kati yetu amefaidika?"

Sajini hakushindwa. Akasema ukienda hivyo basi hata yule wa mtaroni nyuma ya maabara apewe ukubwa, maana yeye alikuwepo chuo hakijachimbiwa msingi. Alimsema yule kenge mnene, mrefu kama mtu mzima aliyelala, ambaye kila jioni anavuka barabara kwa mwendo wa bwana harusi na Sajini anampigia filimbi pikipiki zisimame. Alipotaka kumtaja, Uan akamziba mdomo kwa kiganja. Yule hatajwi kwa jina, ni mkosi. Mtu mwenye adabu anasema Fedha na Dhahabu, anaangalia pembeni. Sajini akasema Fedha na Dhahabu, akatema mate, wakaendelea.

Tangmo mwenyewe alifika jua limeanza kulegea, sketi ya sare imebanwa vizuri, nywele kavu kwa vumbi la uwanjani, kibao chake shingoni amekishika kwa mkono kama anayeogopa upepo. Aliwaunganishia viganja wote kwa zamu. Kisha akachuchumaa, akamwunganishia na Tauhu.

"Mwanangu," Shangazi Lamiat akamwambia, "unamchokoza yule kijana?"

"Hapana, Shangazi. Kama sheria ni ya wote, ni ya wote. Kama si ya wote, nataka kujua inaishia kwa nani, ili nisikosee tena."

Alisema Krit amempa njia moja: alete ushahidi kwamba Tauhu alitangulia, la sivyo kibao kinatoka. Wenzake wa chumbani wamekwisha anza kutembea hatua chache mbele yake. Hakulia alipolisema hilo, ila alikisugua kibao kwa kidole gumba pale penye herufi ya kwanza, na rangi ilikuwa imeanza kufutika.

Shangazi Lamiat akaangalia birika lake. Mpini wa birika lile ni wa chuma, unaunguza, na kwa hiyo ameuviringishia kitambaa, na kitambaa kile kilikuwa fulana. Wapiga kelele ndio wateja wake wakubwa. Kazi yao inakausha koo. Wakimsusia, atachuja kahawa ya kuwanywesha Sajini na Profesa, na wote wawili anajua wanavyopenda kukopa. Akaugusa mpini, akauacha. Akamtazama tena mtoto anavyosugua ile herufi. Ndipo akaanza kukifungua kitambaa, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama anavyofanya mambo yake yote.

Kilikuwa na madoa ya kahawa juu ya madoa ya kahawa, lakini alipokikung'uta wote wakakitambua: fulana ndogo ya kitivo, mikono minne, iliyoshonwa na wanafunzi wa zamani kumkinga Tauhu na baridi ya mwisho wa mwaka. Na ilikuwa ya kahawia. Kitivo kiliacha kahawia zamani, siku hizi ni damu ya mzee. Krit alipokuja na sanduku lake, ya kahawia ilikuwa imekwisha kuwa ya kupangusia meza.

"Kumbe tunakunywa kahawa iliyoshikwa na nguo ya mbwa," Sajini akasema.

"Na ulikuwa unaisifia," Shangazi akamjibu.

Krit akaonekana anakuja, nyuma yake wapiga kelele wote kwa fulana zao nyeusi, mdomo wake umekwisha funguka tayari kwa kufoka. Hapo hapo vipaza sauti vikakoroma na wimbo wa taifa ukaanza. Kila mtu akasimama alipo. Uan alisimama na mrija mdomoni, Profesa mkono mmoja kwenye mkono wa shati alilokuwa anavaa, Krit katikati ya barabara, mguu mmoja mbele, kidole kimenyooshwa kwa Tangmo, mishipa imemtoka. Hasira haikuumbwa kukaa mkao mmoja muda ule wote. Kidole kilianza kutetemeka, kisha kikashuka chenyewe, na wimbo ulipokwisha Krit alikuwa na sura ya mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani.

Tangmo akamwonyesha fulana. Krit akaigeuza mbele na nyuma, akainusa, akajuta.

"Sawa, alitangulia," akasema. "Lakini mbwa hasomi. Ukubwa ni wa anayesoma."

"Kwa hiyo hatuhesabu aliyeingia kwanza, Kaka? Tunahesabu masomo?"

"Masomo."

Tangmo akaunganisha viganja kabisa kabla ya kusema, na akasema polepole, macho yake chini. "Basi naomba kuuliza kuhusu Jumanne asubuhi, darasa la hesabu za mwaka wa kwanza, safu ya nyuma."

Wapiga kelele wakatazamana. Habari hiyo hawakuwa nayo. Mmoja akarudia, hesabu za mwaka wa kwanza? Profesa, ambaye ameyajua maumivu hayo, alimtazama Krit kwa upendo wa ndugu, akamsogezea nafasi benchini.

Krit alisimama na njia zake mbili. Ikiwa ukubwa ni kutangulia, mkubwa wa kitivo kizima yuko chini ya benchi anajilamba. Ikiwa ukubwa ni masomo, basi yeye ni wa mwaka wa kwanza, rika moja na huyu mtoto, na fulana nyeusi aivue. Shangazi Lamiat akamwonea huruma, maana bila kelele zake alikuwa kijana tu mwenye chunusi. Akamsukumia glasi ya kahawa ya barafu. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, chagua iliyo nyepesi. Tauhu hatakwenda kumsimulia mtu."

Krit akanywa yote. Akafuta mdomo. Akamgeukia Tangmo na kumwambia kwa sauti ambayo wengi hawakupata kuisikia, kwamba kibao chake akae nacho, na hiyo herufi ya kwanza aje kesho aipake upya, kalamu anayo yeye. Kisha akapiga magoti mbele ya benchi, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa vumbi.

"Mkubwa Tauhu, nakuamkia."

Wapiga kelele nao, kwa vile wamefundishwa wafuate aliye mbele, wakashuka wote.

Tauhu akaamka. Akapiga miayo. Akatoka chini ya benchi, akawapita katikati kama asiyewaona, akaelekea ukingo wa barabara, na pale akanyoosha miguu ya mbele, akashusha kichwa hadi kidevu kikagusa lami, matako juu. Mwaka wa kwanza wanaojua kuangalia wangeapa kwamba anaamkia.

Sajini akapuliza filimbi. Pikipiki zikasimama pande zote. Kutoka mtaroni, mzito, hana haraka, ulimi unatoka na kuingia, Fedha na Dhahabu akaanza kuvuka.

Tangmo akamtazama Tauhu, akamtazama yule anayevuka, kisha akamtazama Krit.

"Kaka," akasema.

"Najua," akasema Krit, na bila kuinuka akageuza magoti upande wa barabara, viganja vyake bado vimeungana.