Kiraka cha Bibi Kalicha

Alhamisi, 3 Oktoba
Kikundi chetu cha washona viraka kimekutana kwa Sonunbu. Tena! Kisa ana sebule kubwa na anapenda kutuamuru. Kila mmoja kamwaga vitambaa vyake katikati, tukachaguliana, tukasifiana. Mimi nimetoa hariri nyekundu aliyoniletea binti yangu Begaiym kutoka Bishkek, anakofanya kazi benki. Wa kwanza kijijini kusoma hadi akavaa miwani. Hakuna aliyeuliza anaendeleaje! Nikawaambia mwenyewe. Anajifungua mwezi huu, mfarishi wa viraka wa kumfunika mtoto nashona mimi mama mzaa mama, na Alhamisi ijayo nauleta wauone, wafe na wivu.

Sonunbu akauliza, mbele za watu, cha katikati nimekipata kwa nani. Maana katikati hukaa kiraka cha nguo ya mtu aliyekula chumvi nyingi, ili mtoto arithi umri wake. Na tabia zake. Nikamjibu ninacho.

Sina! Na yule wa kwanza wa Begaiym hakufikisha siku arobaini. Huyu lazima akae.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimekwenda kwa Bibi Kalicha, mkongwe wa kijiji. Keshazika hata madaktari wake. Nimempelekea malai ya maziwa, bakuli zima. Nikamwomba kipande tu cha gauni lake. Akalamba kijiko, akasema nguo zake zitachanwa na kugawiwa siku ya maziko yake, kama desturi, basi nami nisubiri afe kama wanavyosubiri wenzangu.

Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, anajisikiaje siku hizi. Akasema hajawahi kujisikia vizuri hivi! Akatafuna andazi kavu nimwone. Kisha akanituma nimpangie kuni. Nimepanga kuni. Mgongo wangu! Na bakuli hakurudisha.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimepita nyuma ya nyumba yake, kwa bahati tu. Mkasi ulikuwa mfukoni, kwa bahati tu. Kwenye kamba pameanikwa gauni la bluu lenye maua ya manjano, limechakaa vizuri, la kikongwe kabisa. Nimekata chini, kwenye upindo, kipande cha ukubwa wa kiganja. Si wizi. Ni urithi, nimewahi kuuchukua tu.

Mbwa wake kanifukuza hadi mtoni. Naye mzee, meno hana, lakini nia anayo.

Jumatatu, 7 Oktoba
Kimekaa! Bluu katikati, hariri nyekundu pembeni, kama jua juu ya mlima. Sijaona mfarishi mzuri kuliko huu, na mimi nimeona mingi. Yote yangu.

Begaiym kapiga simu. Akauliza kwa sauti ndogo kama cha katikati kimepatikana. Nikamwambia ni cha Bibi Kalicha mwenyewe, alale usingizi. Akalia. Mimi sikulia. Nilisingizia vitunguu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mkosi!

Nimetandaza mfarishi mbele ya kikundi. Wakatazamana. Nikadhani wamepigwa na uzuri. Sonunbu akavaa miwani, akainama, akauliza taratibu gauni lake nimelipatia wapi.

Gauni LAKE! Kumbe kila Jumamosi huenda kumfulia Bibi Kalicha. Jumamosi ile alimwagikiwa maji machafu, akafua na la kwake, akalianika, akarudi nyumbani na koti la Bibi. Kesho yake akalikuta halina upindo. Wakamlaumu mbwa. Mnyama wa watu ananyimwa mifupa mpaka leo!

Wanawake walicheka hadi chai ikawatokea puani. Jumagul, yule jirani yangu asiyejua hata kushona mstari ulionyooka, akasema shoga yangu, mjukuu wako atatoka tumboni anampangia mkunga kazi. Nikamwambia achunge sindano yake.

Nilijua Sonunbu atapiga kelele. Nilikuwa na majibu yangu tayari. Hakupiga! Akasema kiraka kibaki hapo hapo, amekitoa kwa moyo mweupe, yeye kazaa wanane na wote wako hai, na nguo ya mama wa namna hiyo ina baraka kama ya mkongwe. Wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia! Mdomo wangu mwenyewe!

Mtu umkatie gauni, halafu akusamehe mbele za watu? Dharau gani hii? Angenitukana tu tungekuwa sawa.

Nimerudi nyumbani nikashika mkasi nikifumue. Nikakitazama. Wanane, wote wako hai.

Nimeurudisha mkasi kabatini.

Jumatano, 16 Oktoba
Msichana! Mzima! Nimeupeleka mfarishi Bishkek mwenyewe, nimeukumbatia njia nzima. Mtoto mzuri, pua yangu, mikono yangu. Anapolia, wauguzi wanatoka wodi ya pili kuuliza wamekosea nini. Akifunikwa mfarishi ananyamaza, anatukagua mmoja mmoja kama mwenyekiti. Begaiym anacheka. Miezi mingapi sijamsikia akicheka hivi!

Nyumbani nakuta Sonunbu katangaza kijiji kizima kwamba mjukuu wetu amezaliwa. Wetu!

Jumapili, 20 Oktoba
Nimefikiri sana. Umri mtoto anao, lakini tabia ya Sonunbu peke yake itatuua. Anahitaji mfarishi wa pili, wenye kiraka cha mtu mpole. Ng'ambo ya mto yuko Mzee Sagynbek, ana miaka mingi kuliko Bibi Kalicha, na tangu azaliwe hajamwamuru hata kondoo. Kila Jumapili huanika koti lake uani.

Watu husema sijifunzi. Uongo mtupu! Safari hii nimewauliza majirani kwanza. Koti ni lake mwenyewe.