Pingamizi Langu Dhidi ya Kifungu cha Wanafunzi Arobaini na Watano

Kwa Katibu,
Kamati ya Majadiliano ya Mkataba,
Chama Chetu cha Walimu.

Ndugu Katibu,

Nakuandikia kwa heshima zote unazostahili, na nyingine chache nimeongeza za kwangu, maana nasikia siku hizi hamzipati. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Nne A. Nina miaka thelathini na mmoja kazini, vumbi la chaki limeniingia mpaka mapafuni, na watoto walinipa jina la Jenerali wewe ukiwa bado hujaota ndevu. Nimeusoma mkataba mpya mliotuletea. Nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Kifungu cha kumi na nne kinasema mwalimu asipewe darasa lenye wanafunzi zaidi ya arobaini na watano, na kwamba darasa lolote lililozidi hapo litagawanywa Jumatatu ijayo. Mimi nina wanafunzi mia moja na kumi na wanane. Kwa maneno mengine, Jumatatu chama changu mwenyewe, ambacho kadi yake ninayo tangu ujana, kitaninyang'anya zaidi ya nusu ya watoto wangu na kuwapa walimu wawili wageni ambao hata choo cha shule hawajui kiko upande gani. Naomba jambo hilo lisitokee. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kifungu hiki kinaleta ujinga shuleni. Usishtuke, nitaeleza. Mwaka jana tuliletewa mwalimu wa Darasa la Nne B, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, ambaye alikuja tayari na kifungu hiki mkononi kwa kuwa walioajiriwa karibuni mliwaanzishia wao kwanza. Siku ya kwanza alihesabu watoto kwa kidole, alipofika arobaini na watano akaufunga mlango, taratibu kabisa, kama mtu anayefunga jokofu. Waliobaki nje nikawapokea mimi, kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo ofisini tunamwita Bibi Arobaini na Tano, naye anaitika bila kinyongo, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

Kati ya darasa lake na langu kuna ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo namsikia. Ndugu Katibu, anauliza mtoto mmoja mmoja! Mtoto akikosea, anamwuliza amefikaje hapo, mtoto anajieleza, anarudishwa nyuma pole pole, anaanza upya. Wiki ya pili tu akaenda kwa Mwalimu Mkuu kumwambia kwamba watoto kumi na mmoja darasani kwake hawajui kusoma. Mimi kwa miaka thelathini na mmoja nimeuliza darasa zima, "Tumeelewa?" na darasa zima limejibu, "Ndiyooo!" mpaka njiwa wakaruka paani. Sijawahi kupata mtoto hata mmoja ambaye hajaelewa. Kabla ya binti huyu shule yetu haikuwa na wajinga kabisa. Ninyi ndio mmetuletea, tena kwa maandishi.

2. Kinadharau ufundi wetu. Mnadhani kufundisha watoto mia moja na kumi na wanane ni kazi ya kila mtu? Dawati la watoto wawili kwangu linakaliwa na watano. Viwiko havienei. Mimi niligundua mwenyewe, bila semina wala chai ya semina, kwamba wa kwanza, wa tatu na wa tano wakiandika huku wa pili na wa nne wameweka mikono kichwani, kisha wakabadilishana, wote watamaliza kabla ya kengele, mradi zoezi lisizidi mistari mitatu. Kuita majina ya watoto wote kunameza kipindi kizima cha hesabu, kwa hiyo siiti. Kiongozi wa kila dawati ananyoosha vidole kuonyesha wako wangapi, mimi najumlisha, tunasonga mbele.

Madaftari nayo nina utaratibu wake. Kila dawati linaleta matano. Nasahihisha la juu, na yale manne ya chini yanapata alama ileile, kwa sababu wamekaa pamoja na bila shaka wamenakiliana. Wakipanda wanapanda watano, wakishuka wanashuka watano. Huo ndio umoja ambao chama chetu kinauhubiri kwenye kila mkutano.

Sasa mtazame jirani yangu. Anasahihisha yote. Anayabeba kwenye mfuko mpaka kwake na kuandika maneno pembeni kwa kalamu nyekundu. Nilichungulia moja. Ameandika, "Umejitahidi, ila umesahau kubeba moja. Rudia kesho nione." Barua kabisa, kwa mtoto wa miaka kumi! Mimi inspekta wa elimu mwenyewe hajawahi kuniandikia maneno mengi kiasi hicho.

3. Kinawafumbua watoto macho vibaya. Katika wale arobaini na watano wake kulikuwa na mvulana niliyemfundisha mimi Darasa la Tatu. Mtulivu, mwandiko mzuri, hana usumbufu na mtu. Binti akamsogeza mbele, akamrudisha nyuma, akamsogeza tena mbele, akagundua kwamba haoni ubao. Miaka miwili alikuwa ananakili kwa jirani yake. Akaitwa baba yake, fundi viatu anayekaa karibu na lango la shule, mtoto akapelekwa kupimwa, na leo ana miwani. Baba mtu alinifuata mpaka dirishani, gundi bado mikononi, anacheka na machozi yanamtoka: "Mwalimu, kumbe mwanangu si mzito! Alikuwa haoni tu, jamani!" Nikampa pongezi zake, mimi si mtu wa roho mbaya.

Lakini pima hasara yenyewe. Sasa anaona. Juzi alitumwa darasani kwangu kuazima ufagio, akasimama, akatazama ubao, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu. Samahani, pale si saba, ni tisa." Mbele ya watoto mia moja na kumi na wanane! Ambao, naomba ikumbukwe, walikuwa wamekwisha kujibu Ndiyooo.

4. Mkataba huohuo unasema mshauri wa wanafunzi asihudumie watoto zaidi ya mia moja na hamsini. Mshauri wetu zamani alikuwa na shule tatu na watoto wapatao elfu mbili. Alikuwa anakuja Alhamisi moja kwa mwezi, anashuka kwenye pikipiki, anasaini kitabu cha wageni, anasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti, "Haya, kuna mwenye shida?" Hakuna anayenyoosha mkono. Anapanda pikipiki yake, anaondoka. Shule ilikuwa na amani. Mtoto akiwa na tatizo alikaa nalo kwa adabu mpaka anamaliza la saba, wanaondoka wote wawili.

Sasa mshauri ameachiwa madarasa yetu ya juu tu, amepewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, viti viwili na muda wa kutosha. Basi watoto wakagundua kwamba wana shida! Wiki iliyopita mvulana mkubwa kabisa wa Darasa la Sita alilia mle ndani nusu saa nzima kwa kuwa mama yake alifariki mwaka juzi. Mwaka juzi, Ndugu Katibu. Muda wote huo alikuwa hajalia, na masomo yalikuwa yanaendelea.

5. Hili ni la nyumbani na ninaliandika kwa haya. Kwa miaka thelathini na mmoja nimesema kwa sauti ya kufikia watu mia moja, na sauti hiyo haina mahali pa kupunguzia. Hata nikiuliza nyumbani kwamba chumvi iko wapi, jirani wa tatu anajibu. Mke wangu amezoea. Kila nikimaliza kusema jambo namwuliza, "Tumeelewa?" naye anaitika kutoka jikoni, "Ndiyooo," bila kuacha alichokuwa anafanya. Hiyo ndiyo amani ya ndoa yetu.

Mkinipa watoto arobaini nitalazimika kusema pole pole. Nitalazimika kuuliza swali kisha ninyamaze nisubiri jibu. Tabia haina mipaka, nitaibeba mpaka nyumbani, na mke wangu ataanza kunijibu kweli. Sina hakika kama niko tayari kuyasikia anayoyafikiria tangu tuoane. Je, kamati yenu ilimhoji mke wa mwalimu hata mmoja kabla ya kuandika kifungu hiki?

6. Tujiulize mwisho wake ni nini. Leo arobaini na watano. Mkishazoea mtasema thelathini, halafu ishirini, halafu kumi, na siku moja mtaamka mmempa kila mtoto mwalimu wake. Mtu mzima mmoja anayemshughulikia mtoto mmoja tayari yupo, anaitwa mama, na sote tunajua jinsi anavyochoka.

Mimi nashauri tuelekee upande wa pili, kwa ujasiri. Shule yetu ina wanafunzi mia sita na kumi na wawili. Wote wakusanywe uwanjani chini ya turubai moja, nipewe kipaza sauti, niwafundishe mimi. Darasa la kwanza na la saba wasikie somo moja. Mdogo atachukua anachoweza, mkubwa atakumbushwa. Walimu wengine kumi na watatu wasimame pembezoni kuhakikisha kila upande umejibu Ndiyooo. Majirani zetu wa shule ya pili nao wakitaka kuja waje, turubai linaongezwa. Hatimaye wilaya nzima itakuwa na darasa moja, mwalimu mmoja, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye hajaelewa.

Kwa sababu hizo naomba kifungu cha kumi na nne kigeuzwe. Pale palipoandikwa kwamba wanafunzi wasizidi arobaini na watano, paandikwe kwamba wasipungue mia moja. Mwenye chini ya hapo asiitwe mwalimu, aitwe mlezi, na akae mbali na ukuta wangu. Naomba pia darasa langu liachwe kama lilivyo, Jumatatu na siku zote zijazo. Hawa ni watoto wangu na sijamlalamikia mtu.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, hasa wale waliokuwa wamesinzia kifungu kilipokuwa kinapitishwa, maana dhambi yao ni ndogo. Nisalimie dereva wa chama, karani wako, na mama watoto. Mwambie mpiga picha wa mkutano kwamba ile aliyonipiga nimefumba macho nimeiona. Sisi huku hatujambo, tumebanana lakini hatujambo.

Ndimi, mwenye uchungu na kazi yake,

Jenerali,
Mwalimu wa Darasa la Nne A.

Tanbihi: Karani wako amenirudishia barua hii leo asubuhi. Amesema pingamizi halipokelewi bila Fomu ya Pili, ambayo mlalamikaji anaorodhesha majina ya wanafunzi wote anaotaka wasihamishwe. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Rejista ilikuwa kwa Mwalimu Mkuu, anapanga huo mgawanyo wenu, kwa hiyo nikaketi ofisini na kuandika kwa kichwa.

Viongozi wa madawati ishirini na wanne walitoka bila taabu. Wakafuata watundu tisa. Halafu wawili ambao mama zao niliwafundisha, na mmoja aliyewahi kutapika kwenye viatu vyangu. Nikajikaza, nikapata watano wengine. Arobaini na mmoja. Hapo kalamu ikasimama. Nilikaa mpaka chai ikapoa, na sikuongeza hata jina moja. Watoto sabini na saba nawaona kila siku ya Mungu, na sikuwa na cha kuwaita. Jirani yangu alikuwa meza ya pili anasahihisha madaftari. Alitazama fomu, akanitazama, akasema, "Mzee, nikuletee chai nyingine?" Ningefurahi kama angenicheka.

Nikarudi darasani. Nikapenya kati ya madawati, ubavu ubavu, mpaka mwisho kabisa, watoto wakikunja magoti kunipisha. Nikamwinamia msichana mmoja wa dawati la mwisho, nikamwuliza kwa sauti ndogo niliyoweza, "Mwanangu, unaitwa nani?" Akageuka nyuma kutazama nasema na nani. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Barua nimeileta hivyo hivyo, sina nguvu ya kuandika nyingine. Gawanyeni darasa Jumatatu kama mlivyopanga. Ila huyo msichana, ambaye jina lake sasa ninalijua, naomba mniachie.