Taa za Lori la Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Makumbusho ya mji yamemwomba baba mkwe taa mbili za mbele za lori alilokuwa akiliendesha jeshini. Maonyesho ni Jumamosi. Taa zimekaa mvunguni mwa kitanda chake miaka yote hii na zimeota kutu. Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, ambaye ni fundi umeme na hachoki kutukumbusha, akakohoa tayari kujitolea. Nikamuwahi. Nikasema taa za magari nazijua tangu utotoni. Si uongo. Nimekuwa nikiziona zikipita barabarani.

Baba mkwe akanikagua juu hadi chini, akanikabidhi. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniomba hata kumpisha mlangoni. Nafasi ndiyo hii.

Jumanne, tarehe 4

Nimepiga msasa. Chini ya ule ukijani uliochakaa kuna bati linalong'aa kama sufuria mpya. Utamu ukanikolea, sikuacha. Mke wangu akaja kuuliza zile namba nyeupe za kikosi zimekwenda wapi. Namba gani? Akasema baba yake alizichora kwa mkono wake. Nimemwambia zitarudi.

Jumatano, tarehe 5

Rangi ya jeshi haipatikani dukani. Nimetumia iliyobaki tulipopaka choo. Ni kijani, nani atabisha? Namba nimezirudisha kwa kukisia.

Taa moja ina kifuniko cha chuma kilichoziba kioo chote isipokuwa upenyo mwembamba. Kasoro ya kiwandani, bila shaka. Nimekivua. Jirani akakiomba, kuku wake wapate pa kunywea maji. Nimempa. Mimi ni mtu wa watu.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya waya. Nimeunganisha betri ya pikipiki. Globu zikaonyesha wekundu kama jicho la mlevi, basi. Mke wangu akasema shemeji yake, yule fundi, alishamwambia magari ya jeshi yanataka umeme mkubwa kuliko huo, betri mbili za gari zifuatane. Umeme mkubwa? Si upo ukutani? Nikachomeka.

Mlio mdogo. Harufu. Umeme ukakatika nyumba nzima, mke wangu akiwa na pasi mkononi na sare ya kazi nusu imenyooka, nusu makunyanzi. Nimewalaumu watu wa umeme kwa maneno makali. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Sikuligusia hilo.

Ijumaa, tarehe 7

Mke wangu amemwita mwanyumba, bila kunishauri. Akarudisha umeme. Akaziona globu zilizoungua, akazinusa, akaniwekea kiganjani moja moja. Afadhali angenitukana. Kisha akatoa globu mpya mfukoni, akaleta betri mbili, akaunganisha huku mimi nikimshikia tochi. Niliishika vizuri sana. Taa zikawaka, ukuta ukawa mweupe pe. Nikamshukuru kwa kunisaidia kidogo katika kazi yangu. Akauliza kama taa moja haikuwa na kifuniko. Nikasema haikuwa nacho.

Jumamosi, tarehe 8

Ukumbi ulijaa. Nikawasha. Watu wa mstari wa mbele wakafunika macho. Mama msimamizi wa makumbusho akarudi nyuma, akamkanyaga mgeni rasmi. Baba mkwe akasogea na fimbo yake, akakagua. Rangi akaigusa kwa kidole, akaendelea. Akauliza kifuniko kiko wapi. Nikaanza kueleza kuhusu kasoro za kiwandani.

Akanisubiri nimalize. Kisha akasema taratibu, "Tulisafiri usiku kwa kile kimwanga cha upenyoni, ndege zisituone. Wenzetu wa lori la nyuma walivua chao wapate kuona njia. Hawakufika."

Nikatoka mbio hadi kwa jirani. Jogoo wake alikuwa na maoni tofauti, alama ninazo mguuni. Nikarudi na kifuniko kinachuruzika maji.

Baba mkwe akakipangusa kwa leso, akakivisha mwenyewe. Akamwambia mwanyumba azime ile taa nyingine na za ukumbini pia. Kikabaki kimstari cha mwanga sakafuni. Watu wakasogea hadi wakawa bega kwa bega, na mzee akawatajia majina ya wale wenzake, jina baada ya jina. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa na vumbi la kuku machoni.

Jumapili, tarehe 9

Nimetafakari. Kama nisingekivua kile kifuniko, mzee asingesimulia, na watu wangeondoka bila kusikia. Kwa hiyo maonyesho yamefana kwa sababu yangu. Mke wangu amenisihi nisimwambie baba yake hivyo. Nimempigia simu na kumwambia. Ilikatika. Mtandao.

Mchana msimamizi naye akapiga. Wana king'ora cha zamani cha kambi, anatafuta mtu wa kukifufua bila kukiharibu. Akaniomba namba ya simu ya yule fundi wa jana, mume wa shemeji yangu.

Nimempa yangu.